Godoro la hewa la kurekebisha ugumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua, Mtwara na Lindi

Minada ya korosho inapoanza Oktoba na malipo kuingia, watu wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala hubadilisha vitu vya ndani. Siku hizi wapo wanaoulizia godoro la hewa lenye pampu na rimoti, lile unalolilainisha au kulikaza kwa kubonyeza kitufe. Maswali yaliyomo hapa ni yale wanayouliza kabla ya kulipa, na mengine wanayouliza wakiwa wameshalipa na wamekasirika. Nimeyajibu yote kwa ajili ya mnunuzi ambaye hela bado iko mfukoni, kwa sababu huyo ndiye anayesaidika kwa urahisi.

Jambo moja litajirudia katika majibu. Malalamiko mengi huanzia pale mtu alipodhani ananunua godoro, kumbe amenunua mashine. Mashine inataka umeme wake, vipuri vyake na fundi anayeijua, na vyote hivyo vinatakiwa vipatikane huku kusini.

Godoro hili ni lipi hasa? Si lile la kujaza kwa mguu?

Yapo magodoro matatu tofauti yanayoitwa jina moja, na vurugu huanzia hapo. La kwanza ni la wageni au la kambini: mfuko wa plastiki unaojazwa upepo, wageni wakiondoka unaukunja na kuuweka kabatini.

La pili ndilo tunalolizungumzia. Kwa nje linafanana na godoro la kawaida, lina kitambaa na zipu. Ukifungua zipu unakuta chemba moja au mbili za hewa, zimezungushiwa kuta za sponji na kufunikwa sponji nyingine juu. Pampu hukaa mvunguni, mipira yake huingia kwenye chemba, na rimoti ndiyo inayoamua upande upi ukaze na upi ulegee. Lilivuma zaidi kupitia kampuni ya Minnesota, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa jina la Select Comfort na ambayo tangu 2017 inaitwa Sleep Number. Ndiyo iliyowazoesha watu kupanga ugumu kwa namba, kutoka 0 hadi 100. Leo viwanda vingi vinatengeneza ya aina hiyo, vya China vikiwemo.

La tatu ni la mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Hilo nina jibu lake peke yake chini, na ukilihitaji hilo usikubali kuuziwa la pili.

Nimelijaza jioni, asubuhi limelegea. Limetoboka?

Hili ndilo lalamiko utakalokutana nalo mara nyingi zaidi, na mara nyingi godoro halijatoboka.

Chemba mpya za plastiki hutanuka siku za mwanzo, kwa hiyo hewa ileile inakuta nafasi kubwa zaidi. Liongezee upepo, baada ya siku kadhaa hutulia. Pia hewa husinyaa ikipoa. Mtu analijaza saa nane mchana chumba kikiwa na nyuzi 31, usiku anawasha kiyoyozi hadi nyuzi 21. Tofauti hiyo ya nyuzi 10 inapunguza ujazo wa hewa kwa asilimia 3 hivi bila tundu lolote, na mgongo unaisikia. Kwa wenzetu wa Newala, kule juu kwenye Uwanda wa Makonde, baridi ya Juni na Julai inafanya kazi hiyohiyo bila kiyoyozi.

Kisha yako maungio. Mpira ulioingia nusunusu kwenye valvu, au oringi (kile kipete cha mpira kinachoziba maungio) iliyokaliwa na chembe ya mchanga, huvujisha polepole usiku kucha. Nyumba za karibu na pwani, Shangani au Mikindani, mchanga unaingia hadi ndani ya masanduku. Ufute mdomo wa valvu kwa kitambaa safi kila unapochomeka.

Ukishaondoa hayo ndipo utafute tundu. Jaza godoro hadi mwisho, chomoa mpira wa pampu, ziba valvu kwa kizibo chake na uliache usiku kucha bila kulilalia. Likibaki gumu, chemba ni nzima na ugonjwa uko kwenye pampu au mpira wake. Likilegea, fungua zipu, toa sponji ya juu, koroga sabuni ya unga kwenye maji kidogo, upake povu kuanzia kwenye valvu, uende kwenye mishono ya pembeni, umalizie na uso wa chemba. Usiharakishe. Tundu la sindano halipigi filimbi. Linasukuma vipovu vidogo vidogo vinavyokusanyana mahali pamoja hadi upana wa ukucha, ukivifuta vinarudi palepale. Pakaushe, uzungushie alama kwa maka peni.

Sasa kabla hujambebea fundi pancha, jua chemba yako ni ya kitu gani. Zipo za mpira hasa, na hizo kiraka cha tyubu na solusheni vinashika. Nyingi za bei ya chini ni plastiki ya PVC. Kiraka cha baiskeli juu ya PVC kitaonekana kimeshika leo, kesho kutwa kinabanduka na uchafu wa solusheni umebaki, hata kiraka cha kweli nacho hakishiki vizuri tena. PVC inataka kiraka cha PVC na gundi yake. Na mshono ukiachia, usihangaike na kiraka cha aina yoyote, tafuta chemba mpya.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: chemba inauzwa peke yake? Ipo Dar es Salaam au inaagizwa nje? Akijibu "haiharibiki hiyo", ujue hana.

Umeme ukikatika usiku, nitajikuta sakafuni?

Hapana. Valvu zake hujifunga pampu inapozima, na hewa iliyomo inabaki humo. Utakachokosa ni kurekebisha ugumu mpaka umeme urudi.

Hatari iko pale umeme unaporudi. Gesi ya Mnazi Bay inafua umeme hapahapa mkoani, lakini kukatika na kurudi kwa nguvu bado tunakujua. Ndani ya pampu mna saketi ndogo ya elektroniki, na hiyo ndiyo inayoungua kwanza, muda mrefu kabla ya mota. Weka stabilaiza au angalau friji gadi kati ya pampu na soketi. Njia rahisi zaidi, ambayo wengi hawaitumii: ukishapata ugumu unaoupenda, chomoa pampu ukutani. Godoro halihitaji umeme kukaa lilivyo.

Wanaotumia sola waangalie kibao cha pampu kimeandika wati ngapi, kisha walinganishe na inveta yao. Pampu hufanya kazi dakika chache tu, lakini sola ndogo ya taa na kuchaji simu isiyo na inveta haitaiendesha.

Nduguyangu ananiletea moja kutoka Marekani. Nichomeke tu?

Usichomeke kabla hujasoma kibao cha pampu. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, wetu ni volti 230 na hezi 50. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zilezile, na pampu ya volti 120 ikila 230 inaungua pale pale. Kibao kikisema 100–240V, huna wasiwasi. Kikisema 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha, na hata hivyo mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka taratibu zaidi kwenye hezi 50. Mwambie nduguyo aulize kama kiwanda kina pampu ya volti 230 kwa godoro hilohilo. Na uharibifu wa kuchomekwa kwenye umeme usio wake usitegemee kulipwa na waranti.

Kitanda changu ni tano kwa sita. Litaingia?

Swali hili lingeulizwa na kila mtu, watu wengi wangeokoa pesa zao.

Kitanda chetu cha tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Godoro la Marekani linaloitwa kwini ni inchi 60 kwa 80. Upana unakubali, urefu unazidi kwa inchi 8. Kubwa lao, kingi, ni inchi 76 kwa 80, na kitanda cha sita kwa sita ni 72 kwa 72, kwa hiyo linazidi pande zote mbili. Yale ya sentimita 150 kwa 200 nayo ni marefu kuliko tano kwa sita kwa karibu inchi 7. Godoro la sponji likizidi kidogo unalisukumiza, na wapo wanaolikata kwa kisu. Chemba ya hewa haikatwi, na ukiibana kwenye fremu inajikunja kona, na mkunjo ndio unaopasuka baadaye.

Pima ndani ya fremu, kutoka ubao hadi ubao, na usitegemee jina la saizi. Kama umeamua kabisa kununua, chonga kitanda baada ya kujua vipimo vya godoro. Mafundi seremala wa huku wanaweza kukuchongea kitanda cha urefu wowote, cha mninga au mkongo, mradi uwape kipimo.

Chaga nazo ziangaliwe. Zikiachana sana, chemba inabonyea katikati yake na mtu anadhani ni upepo umepungua. Msumari mmoja uliochomoza unamaliza habari yote. Tandika plaiwudi juu ya chaga, lakini itoboe matundu mengi ya kupitisha hewa chini, sababu utaiona kwenye swali la ukungu. Kitanda cha kamba hakifai kwa godoro hili.

Na chandarua? Mtwara na Lindi hakuna mtu wa kulala bila neti. Magodoro haya ni manene, mengine yanapita inchi 10, kwa hiyo neti iliyokuwa inachomekwa vizuri inaweza kuwa fupi. Mipira ya pampu nayo inatokea kichwani au miguuni na kuacha upenyo. Nunua chandarua kirefu zaidi, na uibanie mipira pembeni ili neti ifunike kote.

Tunalala wawili. Kwa nini wanasema kuna shimo katikati?

Kwa sababu ni kweli lipo. Chemba ni mbili, na kati yake kuna ukuta mwembamba wa sponji au nafasi tupu. Kila mmoja akilala upande wake hamlioni. Mkisogeleana, uzito wa wawili unaangukia mahali pasipo na hewa. Mtoto wa miaka mitatu anayependa kulala katikati ya baba na mama ndiye anayeligundua wa kwanza.

Linapungua mkiweka pande zote mbili zikaribiane ugumu, na mkiongeza tandiko la sponji la inchi mbili juu. Haliishi. Wanandoa wanaopenda kulala wamekumbatiana walijue kabla, na walijaribu dukani wakiwa wote wawili. Haitoshi mmoja kukaa pembeni akasema "ni zuri".

Pembeni kwenyewe pana lalamiko lake. Kuta za sponji zikichoka, ukikaa ukingoni kuvaa viatu unateleza chini. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hilo ni jambo kubwa. Mjaribishe akae na kuinuka kabla hujalipa.

Nimelijaza hadi namba ya mwisho lakini bado lina bonde pale ninapolala.

Hewa haina kosa hapo. Bonde hilo ni la sponji ya juu. Sponji hufuata uzito wa mwili, na joto letu huifanya ilainike na kuchoka mapema. Utaongeza upepo hadi godoro liwe gumu mithili ya ubao, bonde litabaki, maana unainua kila kitu kwa pamoja pamoja na bonde lenyewe.

Ili kuhakikisha, fungua zipu, ondoa sponji, angalia chemba ikiwa imejaa. Ikiwa imesimama sawasawa, badilisha sponji tu. Hapa ndipo ninapoona uzuri wa godoro lenye zipu: fundi wa makochi yeyote anaweza kukukatia sponji nzito ya kipimo hicho. Yale yaliyoshonwa moja kwa moja bila zipu nakushauri uyaache dukani, hata kama ni ya bei nafuu.

Si linapoza, kwa kuwa ni la upepo?

Halipozi. Upepo umefungiwa ndani, hauzunguki, na plastiki haipitishi jasho. Kuanzia Novemba hadi Machi utalisikia joto kuliko godoro la sufi la bibi. Tumia shuka za pamba, na epuka kifuniko cha plastiki moja kwa moja chini ya shuka kama hulazimiki. Kwenye baridi ya Newala mambo hugeuka: hewa iliyopoa chini yako huvuta joto la mwili, na hapo blanketi moja lililotandikwa juu ya godoro husaidia kuliko mawili ya kujifunika.

Ninasikia uvundo. Nimefungua zipu nimekuta madoa meusi.

Huo ni ukungu, na hata Marekani watu wamelalamika kuukuta ndani ya magodoro ya namna hii. Jasho linashuka kupitia sponji, linafika kwenye chemba lisikopita, linakaa pale. Chini nako, godoro likiwa juu ya plaiwudi isiyo na matundu au sakafuni, unyevu hauna pa kutokea.

Godoro la sufi au la sponji tumezoea kulitoa uani likaanikwa juani siku nzima. Hili usilianike. Jua kali hukausha plastiki na kuilegeza mishono. Fungua zipu angalau mara moja kwa mwezi, mara mbili wakati wa masika, futa chemba kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha kwa kitambaa kingine, acha wazi kivulini madirisha yakiwa wazi. Sponji iliyoota ukungu hadi ndani haisafishiki. Ibadilishe, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu.

Harufu ya plastiki mpya ni jambo jingine. Hiyo huisha yenyewe ukiacha godoro wazi siku chache kabla ya kulilalia.

Litaniponya mgongo?

Muuzaji akikwambia linaponya, muulize amesomea udaktari wapi. Godoro halitibu. Linachoweza ni kukupa ugumu unaokufaa, na ugumu unaofaa unatofautiana kati ya mtu na mtu.

Huku kwetu bado tunaambiana kwamba mwenye mgongo alale pagumu, hata sakafuni. Mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake huko Hispania, wagonjwa 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Waliolala kwenye magodoro ya ugumu wa kati walipata nafuu zaidi ya waliolala kwenye magumu. Kwa hiyo faida ya godoro hili ni kukuwezesha kuutafuta huo ukati wako. Lijaze kabisa, lala kama unavyolala kila siku, kisha punguza kidogo kidogo mpaka mabega na nyonga zizame kiasi na kiuno kisibaki kikining'inia. Kaa na kipimo hicho wiki nzima kabla ya kubadilisha. Wanaobonyeza rimoti kila usiku ndio wanaosema godoro limewaongezea maumivu.

Maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au kushindwa kuzuia haja ni ya hospitali. Nenda Ligula au Sokoine, pesa ya godoro iache kwanza.

Pampu ina kelele? Na hiyo programu ya simu ni ya lazima?

Inanguruma ikijaza, ikitoa hewa inapuliza. Yale yanayojirekebisha yenyewe usiku huamsha wenye usingizi mwepesi. Hakikisha hiyo kazi inazimika. Kuhusu simu, chagua lenye rimoti au vitufe kwenye pampu yenyewe. Godoro linalohitaji intaneti ili lilainike ni mzigo, maana siku bando likiisha au kampuni ikiacha kuihudumia programu yake, umebaki na kitanda usichoweza kukiamuru.

Mama mkwe amepooza, ameanza vidonda vya kulalia. Nimnunulie hili?

Pole kwa kuuguza. Hili hapana, mnunulie la mgonjwa. Lenyewe lina mirija au vipele vingi vinavyojaa na kupungua kwa zamu kila baada ya dakika kadhaa, ili sehemu moja ya mwili isigandamizwe muda mrefu hadi damu ishindwe kupita. La kurekebisha ugumu halifanyi zamu hiyo. Litakuwa laini, ndiyo, lakini mgandamizo unabaki palepale.

Malalamiko ya la mgonjwa nayo yana chanzo chake. Pampu yake ina kitufe cha uzito. Familia nyingi hukikuta kimewekwa juu kabisa tangu kiwandani, mgonjwa mwembamba analala juu ya mirija migumu na vidonda vinaongezeka. Weka uzito wake halisi, kisha pitisha mkono chini ya godoro usawa wa makalio: ukihisi mifupa imegusa chini, ongeza. Usitandike mablanketi manene wala mpira mnene juu yake, vinaua kazi ya godoro. Shuka moja iliyolegea inatosha, na pedi kama ana shida ya haja.

La mgonjwa, tofauti na lile la kurekebisha ugumu, linahitaji umeme muda wote. Umeme ukikatika, zamu inasimama, na mengi hupungua hewa polepole. Pampu nyingi zina kizibo cha mpira cha kuzuia hewa isitoke. Kijue kilipo kabla ya usiku wa giza. Na umeme uwepo usiwepo, mgeuzeni mama kila baada ya saa mbili. Godoro hupunguza hatari, halichukui nafasi ya mikono yenu. Kabla ya kununua, ongeeni na muuguzi wa wodini, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, awaangalizie vidonda vimefika hatua gani. Kidonda chenye shimo, usaha au harufu kinahitaji kutibiwa na wataalamu.

Mtoto mchanga anaweza kulala juu yake?

Hapana. Uso wa hewa unabonyea na kumkumbatia usoni, na mtoto wa miezi michache hawezi kujinasua. Watoto wamekosa pumzi namna hiyo. Mchanga alale kwenye godoro gumu, bapa, lisilo na mito. Hapa sina nafasi ya "inategemea".

Kunguni je? Na panya?

Kunguni hujificha kwenye mishono na kwenye sponji ya juu kama kwenye godoro lolote. Usipulize mafuta ya taa wala dawa ya mafuta, vinakula plastiki na mpira. Vua kifuniko, kifue kwa maji ya moto kama lebo inaruhusu, futa chemba kwa sabuni. Panya hutafuna mipira ya pampu mvunguni. Magunia ya mahindi na korosho yasikae chini ya kitanda hicho.

Waranti ni ya miaka 20. Si nimemaliza?

Soma ukurasa wa pili. Waranti ndefu za magodoro haya kwa kawaida ni za kugawana: mwaka wa kwanza au michache ya mwanzo kampuni inabeba gharama yote, baada ya hapo wewe unalipa sehemu ya bei ya kipuri, na sehemu yako inakua kila mwaka. Ikifika miaka ya mwisho unalipa karibu bei nzima na bado mnaiita waranti.

Angalia pia vitu vinne hivi. Pampu na rimoti mara nyingi vina muda wao mfupi. Bonde la sponji halikubaliwi mpaka lifike kina kilichotajwa, lisome limeandikwa inchi ngapi. Doa la mkojo au jasho linaweza kufuta madai yako, kwa hiyo tumia kifuniko kinachofulika. Na nauli ya kurudisha: godoro likitakiwa lifike Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, kwa basi au lori, na mlipaji asipotajwa ni wewe. Mvua ikiharibu njia, subira nayo inaongezeka. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga na mizigo ikakwama.

Yale maneno ya "usiku mia wa kujaribu, usipopenda rudisha" unayoyaona mitandaoni ni ya wateja wa nchi kampuni ilipo. Mwandikie muuzaji wako umuulize kama yanakuhusu, na majibu yake yawe kwa maandishi. Hata ujumbe wa WhatsApp unatosha, usiufute.

Kwa hela hiyohiyo, si bora sponji nzuri?

Kwa nyumba nyingi za huku, ndiyo, na nasema hivyo bila kusita. Sponji nzito ya kipimo cha kitanda chako haina pampu wala kipuri cha kuagiza, ukichoka nayo inaenda chumba cha watoto. La hewa linamfaa mwenye sababu ya kweli: wanandoa ambao mmoja ana kilo 55 na mwenzake 110 na kila usiku ni ugomvi wa godoro, au mtu ambaye mgongo wake unahitaji ugumu tofauti siku kwa siku na ana umeme wa uhakika. Huyo akilinunua kwa uangalifu atalipenda.

Kuna mtu anahama, anauza lake lililotumika. Nichukue?

Lisipojazwa ukiwa umesimama pale, acha. Likijazwa, rudi kesho yake uone kama bado lina upepo. Fungua zipu mwenyewe, nusa. Uliza pampu ni ya volti ngapi. Na jua kwamba waranti nyingi hubaki kwa mnunuzi wa kwanza.

Limeharibika wiki ya pili, duka linasema "mali ikiuzwa hairudishwi". Nifanyeje?

Bango hilo lisikukatishe tamaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji na inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Anza kwa maandishi: eleza tatizo, tarehe uliyonunua na unachotaka, yaani kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa hela. Ambatisha picha ya risiti ya EFD, picha ya kibao cha pampu yenye namba yake, na video fupi ya godoro likilegea au povu likitoka kwenye mshono. Mpe siku za kujibu.

Akinyamaza, peleka malalamiko hayohayo Tume ya Ushindani, FCC. Kama pampu imetoa cheche, imeyeyuka au imempiga mtu shoti, mwarifu pia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na usiitupe pampu wala kumpa fundi aifungue, kwa sababu ikishafunguliwa muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu. Bila risiti kazi inakuwa ngumu sana, hivyo siku ya kununua usikubali punguzo la bei la kukuacha bila risiti. Na ukinunua kwa mtu wa mtandaoni, lipa mzigo ukishafika na umeshajazwa upepo mbele yako.